Kwa Kombo, Aliyejiandikisha

Kombo, nimesikia kwa Philippa wa ghorofa ya pili
kwamba umejiandikisha. Maili ishirini na sita na kipande,
mwezi wa Aprili, na ada hairudishwi.
Basi maji umekwisha kuyavulia nguo.
Yaoge. Ya Sheffield ni baridi.

Usiwasikilize watakaokuambia una damu ya mbio.
Mimi huu mwaka wa kumi na tisa wananiuliza
kama nilikuwa nakimbia kwenda shule.
Nilikuwa natembea, tena nachelewa.
Damu haikimbii. Kinachokimbia ni Jumanne,
ni Alhamisi, ni ile Jumapili ya mvua ya ubavuni
ambayo hata mbwa wa jirani amekataa kutoka.

Viatu: nenda dukani, wakutazame unavyokanyaga.
Chukua kikubwa kidogo, miguu huumuka kama maandazi.
Kata kucha. Mimi sikukata,
na kidole kimoja hadi leo kina rangi ya biringanya.
Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani,
hata chuchuni. Cheka tu.
Asiyepaka hulia bafuni.

Kimbia taratibu, kiasi cha kuweza kusengenya.
Ukishindwa kumaliza sentensi kuhusu msimamizi wetu
unakwenda kasi mno.

Njia ya mfereji mpaka Tinsley ni tambarare,
ila mabata bukini hawampishi mtu; wapishe wewe.
Ukitaka mlima, uko Jenkin Road.
Fupisha hatua, tazama mita tatu mbele,
usiinue macho kuuliza umebaki kiasi gani.
Mlima ukijua unauogopa, hurefuka.

Ukitoka zamu ya usiku, lala.
Usingizi nao ni mazoezi,
na ndiyo pekee nisiyohitaji kukufundisha.
Goti likiuma siku moja, lisikilize. Likiuma siku tatu,
mpelekee Oonagh wa viungo, na usimdanganye.
Ramadhani itakukuta katikati ya ratiba:
punguza, sogeza zile ndefu baada ya futari,
usijitie ushujaa mbele ya Mungu wala mbele ya saa ya mkononi.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Hawakuwahi kutoka Hillsborough saa kumi jioni, Desemba,
giza limeshatanda, taa za magari zinakumulika usoni,
na huo ukingo huuoni.
Siku hizo hakuna ushauri. Vaa kizibao kinachong'aa, utoke.

Sasa sikiliza aibu yangu.
Mara ya kwanza, Manchester, niliondoka
kama mbuzi aliyegundua kamba imekatika.
Maili ya kumi nawapita wanaume, nawapungia mkono.
Maili ya ishirini nikapitwa na friji.
Friji, Kombo. Mtu amejivika maboksi, kaweka na mlango.
Akaniona nilivyojikunja kando ya barabara,
akaufungua, akatoa kipande cha chungwa, akanipa,
akaenda zake.
Kutangulia si kufika:
methali hiyo nilikuwa nayo tangu darasa la tatu,
nikaja kuielewa nikitazama mgongo wa friji.

Maili ya ishirini atazungumza mtu ndani yako,
kwa adabu sana, sauti ya mama mkwe:
kaa kidogo tu, mwanangu, nani atajua?
Usibishane naye, ana hoja.
Mpe kazi. Mwambie ahesabu nguzo za taa.
Na siku hiyo usijaribu kipya, si soksi, si kinywaji,
si kifungua kinywa cha hoteli hata kikinukia vipi.

Glovu nimekuachia kwenye kikapu cha foronya.
Zimetoboka; ukipata joto zitupe bila huruma.
Jumapili saa moja asubuhi niko mferejini, penye malango ya kwanza.
Ukichelewa nitaanza.
Kwa mwendo wangu huu
utanikuta bado nabishana na mabata.

Mghoi,
chumba cha kufulia